Kwateti ya nyuzi Mkomani: kwa nini Schubert alipigwa mara mbili usiku mmoja

Wanamuziki wanne walikuja Lamu kutoka Nairobi wakati wa kaskazi. Walikuwa na fidla mbili, viola na chelo, na programu waliyokwisha kuichapisha. Nusu ya kwanza ilikuwa ya watunzi wa zama zetu: Hamza El Din wa Nubia, Justinian Tamusuza wa Uganda, na Arvo Pärt wa Estonia. Nusu ya pili yote ilikuwa ya Franz Schubert, kwateti yake, yaani kazi ya vyombo vinne vya nyuzi, ya D-maina ya mwaka 1824 inayojulikana kwa jina la Mauti na Msichana. Mimi nilikuwa mwenyeji wao: nilitafuta nyumba, nilizungumza na majirani, nilialika watu. Onyesho lilifanyika, lakini halikufuata mpangilio ule. Nataka kueleza kilichobadilishwa, sababu zake, na gharama yake, maana gharama ilikuwepo.

Mpangilio wa awali haukuwa wa kubahatisha. Wanaoandaa maonyesho ya muziki wa chemba, yaani wa wapigaji wachache, Ulaya na hata Nairobi, huiweka kazi mpya mwanzoni na ile ya karne ya 19 mwishoni. Wanaamini kwamba msikilizaji amekuja kwa ajili ya Schubert au Brahms, na kwamba kazi mpya ikiwekwa mwisho ataondoka wakati wa mapumziko. Kwa hiyo jipya hutangulia kama dawa, na la zamani hufuata kama asali ya kuondoa uchungu. Mpiga fidla wa kwanza, ambaye ndiye kiongozi wao, aliniuliza wazi: "Tukianza na Schubert, nani atabaki kumsikiliza Pärt?" Lilikuwa swali la mtu aliyeona viti vikibaki vitupu mbele yake, na nililiheshimu.

Hata hivyo niliomba jambo moja. Mazoezi ya jioni ya kuamkia onyesho yawe wazi, mlango usifungwe, mtu wa mtaa akitaka aingie akae. Walikubali. Yote yanayofuata yalitokana na jioni hiyo.

Nyumba na saa

Wageni walikuwa wameomba ua wa Ngome, na saa ya kuchwa jua. Ngome ya Lamu ina sifa zake. Ilimalizika kujengwa karibu mwaka 1821, ikatumika kama jela hadi 1984, na leo ni mahali pa maonyesho na mikutano. Lakini ua wake ni mpana na uko wazi juu, na sauti ya nyuzi nne bila vipaza sauti hupotea hewani kabla ya kufika kwenye safu ya tatu. Na kuchwa jua ni Magharibi. Katika mji wenye misikiti iliyokaribiana hivi, hakuna anayepanga jambo saa hiyo ila asiyeujua mji. Tukahamia kwenye nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani, katika kiwanda chake, yaani ule ua wa ndani, na tukapanga kuanza baada ya Isha.

Nyumba hizi zina faida ambayo hata wapigaji hawakuitarajia. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa hurudisha sauti upesi bila mwangwi mrefu, na kiwanda ni chembamba kiasi cha kumweka msikilizaji karibu na upinde. Mpiga chelo alipiga noti moja ya chini, akatulia, akasema hajawahi kukisikia chombo chake hivyo. Unyevu wa bahari uliwasumbua: vigingi vya kukazia nyuzi vilivimba na kukwama, na walilazimika kulinganisha sauti baada ya kila kazi. Umeme ulikatika mara moja usiku wa onyesho, lakini walikuwa na taa za betri kwenye stendi zao, wakaendelea bila kusita.

Jioni ya mazoezi

Walioingia walikuwa watu wa kawaida wa mtaa. Wazee waliokulia kwenye taarabu, vijana wanaopiga matari kwenye Maulidi, wavuvi wawili, mama mwenye nyumba na jirani zake waliokaa juu darini wakitazama chini. Nilikuwa nimemwalika makusudi mzee mmoja mpiga udi, ambaye hapa nitamwita Mwalimu kama wote tunavyomwita. Lamu si mji mgeni kwa nyuzi. Zein l'Abdin, ambaye udi wake ulijulikana pwani nzima na mbali zaidi, alizaliwa hapa. Fidla, ganuni na nai zimesikika kwenye harusi za pwani hii kwa muda mrefu kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa. Kwa hiyo hakuna aliyeingia pale akiwa hajawahi kuona fidla.

Walianza na Escalay ya Hamza El Din. Mtunzi huyu alizaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha Toshka, Nubia, kusini mwa Misri. Alisomea uhandisi Cairo kabla ya kujitolea kwa udi, na kijiji chake ni miongoni mwa vile vilivyomezwa na maji ya bwawa kuu la Aswan. Alifariki Marekani mwaka 2006. Escalay aliitunga kwa ajili ya udi. Inamchora mtoto anayeswaga ng'ombe wazungushao gurudumu la kuteka maji ya Nile, na muziki wenyewe huzunguka: sauti moja inabaki chini, juu yake kipande kifupi cha tuni kinakuja, kinarudi, kinaongezwa kidogo, kinarudi tena. Kronos Quartet waliirekodi kwa nyuzi nne, katika albamu ya mwaka 1992 iliyokusanya watunzi wa Afrika, na Hamza mwenyewe akapiga tari.

Mwalimu aliinua kichwa mara tu viola iliposhika ile sauti ya chini. Hakusema neno mpaka mwisho. Kisha akamwita kijana mmoja wa matari, akamwambia, "Kalete tari lako, mwanangu, hapa pana pengo." Wapigaji walikuwa wamekuja bila mtu wa tari, wakidhani watamudu bila. Kijana alirudi, wakaanza upya, na sehemu ya kasi ya mwisho ikapata mgongo. Darini mtu alipiga kigelegele. Kazi ambayo kwenye programu ilikuwa ya kuvumiliwa, watu waliipokea kama mali yao.

Tamusuza naye hakuhitaji mtu wa kumtetea. Alizaliwa Uganda mwaka 1951, na kipande kilichochaguliwa ni sehemu ya kwanza ya kwateti yake, nayo pia imo katika albamu ile ya 1992. Anatumia njia ya muziki wa Buganda ambapo mpiga mmoja huweka mapigo na mwenzake huyachomeka ya kwake katikati, hata sikio husikia tuni ya tatu ambayo hakuna mmoja wao anayeipiga. Vijana wa matari walielewa kabla ya sisi wengine. Wanaishi ndani ya mapigo yanayoingiliana hivyo kila Maulidi.

Pärt ndiye aliyenishangaza zaidi. Fratres ya mwaka 1977 ni kazi tulivu mno. Katika toleo la nyuzi nne, fidla ya pili hushikilia sauti mbili zilezile kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuziachilia, na juu yake kifungu kilekile cha tuni hurudi tena na tena, kila mara kikiwa kimeshuka kidogo, na kila kifungu kikitengwa na kinachofuata kwa mdundo mfupi wa kugonga. Watu walinyamaza kabisa. Mvuvi mmoja alisema polepole kwamba inamkumbusha dhikri. Mwalimu alimrekebisha kwa upole: "Utulivu wake ni wa karibu, lakini tusiiite dhikri. Dhikri ina mwenyewe." Naona maneno hayo ni ya busara, na tuliyafuata: hatukulitumia neno hilo kwenye utangulizi wowote wa usiku wa pili.

Kisha Schubert. Sehemu ya kwanza inaanza kwa nguvu, nyuzi zote nne zikigonga D na kushuka kwa mapigo ya tatutatu. Kwa dakika mbili watu walikuwa nao. Halafu nikaona wanavyopotea, mmoja baada ya mwingine. Mazungumzo yakaanza chinichini. Mtoto akaulizwa maswali ya shule. Wapigaji walipomaliza sehemu ile, mama mwenye nyumba aliniuliza, kwa heshima kabisa, bila kebehi yoyote: "Na wataanza kuimba saa ngapi?"

Swali la mama

Nililifikiria swali hilo usiku kucha, na bado naamini ndilo ufunguo wa kisa kizima.

Katika usiku wa taarabu ya zamani, vyombo hutangulia peke yake na bashraf. Kazi ya bashraf ni kuwakusanya watu, kuwatuliza, kuwaambia kwamba kitu kinakuja. Kinachokuja ni sauti ya mtu na maneno ya mshairi. Maneno ndiyo yanayosubiriwa, ndiyo yanayotuzwa, ndiyo yanayojadiliwa barazani kesho yake. Mama alisikia dakika kumi na tano za vyombo vikali, vilivyojaa hamu na vitisho, akaelewa kwa usahihi kabisa kwamba ni utangulizi wa jambo zito. Akasubiri jambo lenyewe. Halikuja.

Kwa nini basi Escalay na Pärt, nazo hazina maneno, hazikumletea swali hilo? Hapa inabidi kuingia kidogo katika ufundi. Muziki wa duara haukuahidi safari. Ukisikia kifungu kimoja, umekwisha kushika kanuni yake, na raha yako ni kuona kinavyobadilika kidogo kinaporudi. Sehemu ya kwanza ya Schubert imejengwa kwa namna nyingine. Inaanza nyumbani, kwenye ufunguo wa D-maina, yaani ngazi ya noti ambayo tuni imejengwa juu yake, inahamia F-meja kwa tuni laini ya pili, kisha inatangatanga kwenye funguo za mbali, na utamu wake wote umo katika kurejea nyumbani baada ya kupotea. Msikilizaji wa Vienna alibeba nyumba hiyo kichwani bila kujitambua, kwa sababu alikulia ndani ya funguo hizo tangu nyimbo za kanisani na ngoma za mtaani kwake. Asiyeibeba husikia hasira, kisha upole, kisha hasira tena, asijue kwa nini zinafuatana. Akili haikupungua, kilichokosekana ni mazoea, na mazoea hayaletwi kwa karatasi ya maelezo.

Ndiyo maana ile fikra ya dawa na asali haikufaa Mkomani. Schubert ndiye aliyekuwa mgumu. Kumweka mwisho, dakika arobaini mfululizo, baada ya watu kufurahishwa na watatu waliotangulia, kungekuwa ni kuwaaga watu kwa jambo ambalo hawakupewa njia ya kuliingia.

Majadiliano

Asubuhi tulikaa barazani, wapigaji wanne, Mwalimu na mimi. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa wapige sehemu ya pili tu ya Schubert, ile ya taratibu, na kuacha nyingine. Mpiga fidla wa kwanza alikataa, na alikuwa na hoja. Alisema kwateti hii iliandikwa na mtu wa miaka 27 aliyekwisha kujua kwamba ni mgonjwa, katika miezi ambayo alimwandikia rafiki yake kwamba anajiona mtu mwenye huzuni kuliko wote duniani, na kwamba sehemu nne zote ziko kwenye funguo za maina kwa sababu hiyo. Ukikata moja, alisema, umekata ushahidi wa mtu.

Hoja iliyotukwamua ilitoka kwenye historia ya Schubert mwenyewe. Tarehe 26 Machi 1828, miezi michache kabla hajafariki, alifanya Vienna onyesho pekee la hadhara lililokuwa la kazi zake tupu. Programu ilifunguliwa kwa sehemu ya kwanza ya kwateti yake moja, sehemu hiyo tu, kisha zikafuata nyimbo na kazi nyingine. Kuipiga kwateti nzima bila kuikatiza na bila mtu kukohoa ni adabu iliyokuja kushika nguvu baadaye. Mtunzi hakuona dhambi kuitenganisha kwateti. Kiongozi wao alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba basi tuitenganishe, lakini pia tuipige nzima.

Hapo ndipo wazo la mara mbili lilipozaliwa, na Mwalimu alilipokea bila mshangao. Kwenye taarabu mtu akipendezwa na ubeti huomba urudiwe, na hakuna mwimbaji anayeona vibaya. Sehemu ya pili ingepigwa mapema, peke yake, ili watu wafahamiane nayo. Baadaye ingerudi mahali pake, katikati ya zile nyingine, na wakati huo wangekuwa na kitu cha kushika katika bahari ya sehemu zisizojulikana.

Na maneno? Yalikuwepo tangu mwanzo. Tuni ya sehemu ile Schubert aliitoa kwenye wimbo wake wa mwaka 1817, ambao maneno yake ni shairi fupi la Matthias Claudius. Msichana anamfukuza Mauti. Mauti anamjibu kwa upole. Sidhani kuna umbo lililo karibu zaidi na sikio la Lamu kuliko hilo. Majibizano ya ushairi ni jambo la kila siku katika fasihi yetu, mmoja akitia fundo na mwenzake akilifundua. Tuliona kwamba kusoma tafsiri ya nathari kungewaua wote wawili, Claudius na Schubert. Tukatunga beti mbili za utenzi, mizani nane kwa kila mshororo:

*Pita, Mauti, njiani,*
*ningali mi ujanani,*
*sinishike asilani,*
*nakuomba, nenda zako.*

*Lete kiganja, mwandani,*
*sikujia ushindani,*
*utalala kifuani,*
*ndipo pumziko lako.*

Mwalimu alikuwa na wasiwasi mmoja, na ulikuwa wa haki. Mauti akisema kwa sauti yake mwenyewe mbele ya watu, je, mtu hatadhani tunamsemesha Malaika? Tulikubaliana kwamba msomaji aseme kwanza kuwa hili ni shairi la Mjerumani wa karne ya 18, kwamba Mauti humu ni mfano wa kishairi, na kwamba mwenye kufisha ni Mungu pekee. Dakika moja ya maelezo ilitosha, na hakuna aliyelalamika kabla wala baada. Nalitaja kwa sababu wageni hawangeliona, na lingeweza kuharibu usiku mzima.

Usiku wenyewe

Mpangilio wa mwisho ulikuwa huu: Escalay pamoja na tari, beti, kisha sehemu ya pili ya Schubert, Tamusuza, Pärt, kahawa na kaimati, halafu kwateti nzima ya Schubert kuanzia mwanzo.

Escalay ilifanya kazi ya bashraf na zaidi. Nusu ya waliohudhuria walikuwa wamesimuliwa habari za tari na walioketi jana yake, wakaja kuisikia. Kijana aliingia kwa utulivu wa kupendeza, akiwasubiri wenzake badala ya kuwaburuta.

Beti zilisomwa na bibi mmoja wa mtaa mwenye sauti ya chini. Alizisoma mara mbili, kwa mahadhi ya utenzi. Aliposema mara ya pili "ndipo pumziko lako", fidla ziliingia palepale, bila kusubiri makofi. Tuni ile ni ya hatua za taratibu, pigo refu moja na mafupi mawili, refu moja na mafupi mawili, na inabaki hivyo katika vipimo 24. Zinafuata tofauti tano, yaani tuni ileile ikibadilishwa, juu ya vipimo hivyohivyo: fidla ya kwanza inahangaika juu, kisha chelo inaichukua tuni, kisha ghadhabu, kisha nuru kidogo, kisha dhoruba ndefu, na mwisho sauti zinashuka na kutulia kwenye G-meja. Mtu aliyezoea ushairi wenye mizani maalumu anaijua raha ya kusema mambo mapya ndani ya kipimo kisichobadilika. Nilikuwa nimekaa karibu na wazee, na waliihesabu. Mmoja aliweka kidole gotini, akakinyanyua kila tuni ilipoanza upya, na hakukosea hata mara moja.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo dakika iliyothibitisha kwamba tulichambua vizuri. Sehemu hii ya Schubert, tofauti na ya kwanza, nayo inazunguka. Kiini chake ni kurudia. Kwa hiyo ukuta uliokuwepo jioni ya mazoezi haukuwa kati ya karne ya 19 na ya leo, wala kati ya Ulaya na Afrika. Ulikuwa kati ya muziki unaorejea na muziki unaosafiri, na Schubert yuko pande zote mbili za ukuta huo katika kazi moja.

Tamusuza na Pärt walipita kama tulivyotarajia. Kahawa ilichukua muda mrefu kuliko tulivyopanga, maana watu walikuwa na mengi ya kusemezana.

Nusu ya pili inahitaji kusimuliwa kwa uaminifu. Sehemu ya kwanza ilipoanza, wachache waliinuka wakaenda zao, na wengine walianza kusogeasogea kama jioni ya mazoezi. Maandalizi yetu hayakuisaidia vya kutosha. Lakini sehemu ya pili iliporudi, mnong'ono ulipita kiwanda kizima, wa watu waliotambua, na kuanzia hapo hakuna aliyeondoka. Skerzo, yaani sehemu ya tatu, ilikuwa fupi, ikapita. Ya mwisho, iliyotungwa kwa mwendo wa tarantela, ngoma ya kasi ya Italia, ilishikwa na vijana wa matari kwa miguu, wakiwa wamekaa. Mapigo yake ya sitasita hayakuwa mageni kwao. Wapigaji walimaliza kwa kasi ya kutisha, na makofi yalikuwa ya kweli.

Gharama, na mipaka ya hoja hii

Mpiga viola hakuridhika, na sitaki kumficha. Alisema kwamba sehemu ya pili inapata uzito wake kwa sababu inakuja baada ya dhoruba ya kwanza. Ukiipiga kavu mapema, msikilizaji anaonja faraja kabla hajaumia. Mara ya pili, alisema, alihisi watu wakifurahi kuitambua mahali ambapo wangepaswa kuogopa. Nimelitafakari na nakubali kwamba tulipoteza hicho. Naona tulichopata ni kikubwa zaidi, kwa kuwa asiyeingia mlangoni haogopi wala hafarijiki. Lakini hasara ilikuwa ya kweli, na mtu atakayeiga mpango huu aijue.

Kuna pia hatari ya kulichukua somo hili kupita kiasi. Mtu anaweza kusema: basi pwani hupenda watunzi wa leo. Hapana. Tulileta watatu walioandika muziki wa kurejea, ambao wawili kati yao walichota Afrika yenyewe. Kama tungeleta Bagateli sita za Anton Webern zilizokamilika mwaka 1913, ambazo kila moja ni fupi mno na hakuna kinachorudi, au kazi za Helmut Lachenmann ambamo upinde hukwaruza na kupumua badala ya kuimba, sina sababu ya kudhani zingepokelewa kama Pärt. "Kisasa" si ladha moja. Vivyo hivyo kwa upande wa pili: kwateti ya Dvořák aliyoitunga Iowa mwaka 1893 inafunguliwa na viola kwa tuni ya skeli ya noti tano, nyepesi kushikwa na sikio lolote lililokulia kwenye ngoma zetu, na pengine isingehitaji beti wala marudio. Mwandalizi asiulize kazi ni ya mwaka gani. Aulize imejengwaje, na wanaokuja kuisikiliza wamezoea nini.

Jambo la mwisho ni la kiutaratibu, na ningependa lichukuliwe kwa uzito na kila anayeleta muziki wa chemba mahali ambapo haupigwi mara kwa mara. Mazoezi ya wazi hayakutugharimu kitu. Bila swali la mama mwenye nyumba, wanamuziki wangerudi Nairobi wakiamini kwamba watu wa Lamu walichoka kwa sababu ya saa ya usiku au joto. Mara nyingi wageni hupiga, hupigiwa makofi ya adabu, huondoka, na hakuna upande uliojifunza lolote kuhusu mwingine. Watu wa pwani ni wapole, hawatakuambia umewachosha. Lazima uwape nafasi ya kusema kabla ya usiku wa onyesho, wakati programu bado inaweza kubadilishwa.

Wapigaji wameomba kurudi kusi ikimalizika. Mwalimu ametaka Escalay ipigwe na udi wake pamoja na nyuzi nne, na wameanza kutumiana rekodi za simu ili kupatanisha udi ambao nyuzi zake hukazwa kwa umbali wa noti nne na fidla ambazo zake hukazwa kwa umbali wa noti tano. Kuhusu Schubert, mpiga viola amependekeza kwateti ipigwe mara moja tu, kwa mpangilio wake, na beti zile mbili zisomwe kabla ya sehemu ya kwanza badala ya ya pili, ili dhoruba nayo ipate maneno ya kushikwa. Bibi aliyezisoma amekwisha kuambiwa. Amesema beti mbili hazitoshi kwa sehemu ndefu namna ile, na ameanza kutunga ya tatu, ambamo msichana anamjibu Mauti.